Ukungu, kwa Herufi K

Baba Watoto,

Nimekwenda darasani, kwenye elimu ya watu wazima. Chai imo kwenye chupa.

Tafadhali uondoe ukungu ulio ukutani, nyuma ya kabati la watoto. Narudia: ukungu. Jana niliandika kwa makosa "ondoa uchungu ukutani", nawe asubuhi ya leo ukaisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya watoto, kisha ukauliza: "Jamani, huu ukuta umefiwa na nani?" Mkacheka hadi chai ikamwagika. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu. Hata hivyo, kabati halikusogezwa, na kitindamimba wetu bado anakohoa.

Kwanza ufungue madirisha, ujifunge kitambaa puani. Unyunyizie siki, uiache ikae, kisha usugue kwa brashi na ukaushe kabisa. Usipake rangi juu yake kama ulivyofanya mwaka jana; ukungu ulitokeza tena, ukiwa na rangi mbili. Ukimaliza, kabati lisiegemee ukuta, ili hewa ipite. Nguo zilizoloa zianikwe nje, hata ile suruali yako ya kazi unayoitundika mlangoni.

~~Ukiona ni kazi ngumu, iache, nitaifanya mwenyewe.~~ Utaweza.

Karatasi hii nimeisoma mara mbili kabla ya kuiacha mezani. Ukikuta kosa, nisahihishe tukiwa wawili.

Nikirudi, nataka kuukuta ukuta mkavu. Ukungu ni wako. Uchungu niachie mimi.

Mama Watoto