Vikapu Viwili vya Mtama

Busia, 6 Februari 1967

Kwa Mzee Josiah Makokha, Namboboto.

Salamu nyingi baada ya kukujulia hali. Sisi hatujambo kidogo, ila mama yangu ni mgonjwa, na ndiye anayenituma.

Hunijui. Mimi ni Chande, nimetoka Pwani na mama, nauza vitambaa hapa mjini. Juzi mwanamke wa kwenu aliketi dukani akataja boma la Makokha. Mama akaanza kulia. Tangu nizaliwe alikuwa hajanieleza ametoka wapi. Sasa anasema ni Nabwire binti Makokha, na kwamba mwaka wa njaa baba yake alimpeleka mwenyewe kwa watu wa msafara, akarudi nyumbani na vikapu viwili vya mtama. Meno yake ya utotoni yalikuwa hayajang'oka. Wakamtembeza mpaka Pwani. Waliomnunua walikuwa Waislamu kama mimi, sikatai.

Ana ombi moja tu. Kabla hajafa, mtu wa kwao aje amwite kwa jina lake.

Huenda ni mpwa wako,
Chande

Namboboto, 2 Machi 1967

Bwana Chande,

Salamu nimepata. Sisi wazima, mvua bado.

Wapima ardhi wako hapa, na kila wiki anatokea mtu na nyanya mpya wa ukoo, akidai shamba. Katika boma letu hakuna mtoto aliyeuzwa. Walipotea watoto, ni kweli. Zamani fisi walikuwa wengi. Namwombea mama yako afueni.

Josiah Makokha

Busia, 9 Machi 1967

Mzee, shikamoo.

Shamba silitaki. Ukipenda nitatia sahihi mbele ya chifu.

Nilimsomea mama barua yako. Akauliza, "Tangu lini fisi akalipa mtama?" Kisha akageukia ukutani. Hana hasira, amechoka tu, na mimi nimechoka kumdanganya kwamba mtakuja. Basi la asubuhi lafika hapa saa nne. Ukija hutaombwa chochote, hata msamaha.

Chande

Namboboto, 12 Aprili 1967

Mpwa wangu Chande,

Nakusalimu, na mama yako namsalimu kama yupo.

Nilikudanganya. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata njaa ile. Mtama ule mama yangu aliula akiwa na mimba yangu. Baba alituambia siku anakufa, tukanyamaza mpaka leo kwa aibu.

Sisi huwapa watoto majina ya wafu wetu; mtoto hulia mpaka atajwe mfu anayemtaka. Jina la Nabwire hatujampa mtu, kwa sababu hatukujua kama amekufa, na kulitoa ni kumzika mtu akiwa hai. Jumapili mjukuu wangu Teresa alijifungua msichana. Mtoto alilia siku mbili, titi hataki. Wanawake wakamtajia wafu wetu mmoja mmoja, wakamaliza wote. Mke wangu Selpha akanitazama. Nikalitaja mimi. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

Labda alikuwa amechoka tu kulia. Naomba iwe hivyo. Nitakuja Ijumaa, tarehe 21, kwa basi la asubuhi.

Mjomba wako,
Josiah

Busia, 17 Aprili 1967

Mjomba, shikamoo.

Huku tunaendelea kwa uwezo wa Mungu. Mpe Teresa pole na hongera, na hicho kitambaa nilichofunga na barua ni cha mtoto.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 8, tukamzika alasiri ile ile. Siku za mwisho alikuwa akiuliza kama basi limefika.

Njoo hiyo Ijumaa. Nitakupeleka makaburini umwite. Yeye hatasikia, lakini mimi nataka kusikia.

Mpwa wako,
Chande