Kanda ya Kumi na Nne

Kaka Maduhu,

Sauti yako nimeifuta mimi. Naanza na hilo, maana nikizunguka nitaishia kukupa habari za mvua.

Siku ya kukuzika, baba alitaka kwaya irekodiwe ili bibi, aliyebaki Mwandoya kwa sababu ya miguu, naye asikie. Kanda tupu hatukuwa nayo. Nikaliendea lile sanduku la kanda za muziki wa roki alilotuachia mwalimu wa Kizungu alipohama, nikachukua kwenye fungu la fifi, la zile zisizofaa. Nilichukua ya kumi na nne kwa kuwa niliichukia. Kati ya vitundu vyake viwili vya kuzuia kurekodi, kimoja nilikikuta kimezibwa, sikujiuliza na nani; nikaziba cha pili kwa karatasi niliyoitafuna, nikarekodi pande zote mbili.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa uani tunachambua pamba, nyeupe fungu la safi, yenye madoa fungu la fifi, redio kaseti katikati yetu. Ukasema hata kanda zichambuliwe. Ukapiga mistari kwenye daftari, ukazipa kanda namba, ukaweka sheria: kusikiliza mara tatu, na kwa betri mpya tu. "Betri zikichoka unampunja mwimbaji, Kabula," ulisema, nami nikakucheka. Wale wapiga gita wasiojua kumaliza wimbo uliwapa safi, tukanuniana mpaka ugali ukapoa. Ila ya kumi na nne ndiyo iliyotugombanisha kweli. Niliandika fifi, nikasema yule mtu analia kama ndama aliyeachwa zizini. Ukasema utanijibu. Kisha ikaja ile homa ya siku tatu.

Siku hizi wanunuzi binafsi wanaleta magari hadi mlangoni. Hawaulizi safi wala fifi, vyote vinashindiliwa gunia moja. Baba ameacha kuchambua. Nami nikiweka kanda nazisikia zote sawa, kwa kuwa hakuna wa kunibishia.

Juzi ndipo nilipopata moyo wa kufungua daftari. Chini ya fifi yangu umeandika kwa penseli: "Safi. Sababu nimezisema mwenyewe, mwisho wa upande wa pili."

Nilikwenda Mwandoya siku hiyohiyo. Bibi alidhani nimekuja kumsalimu. Nikaweka betri mpya, nikasikiliza upande wa pili hadi mwisho. Ni kwaya, halafu mama analia, halafu kanda inakwisha. Nikarudia mara tatu, kama ulivyotaka. Hupo, kaka.

Bibi huisikiliza kila Jumapili na kunishukuru. Sijamwambia. Nikimwambia, naye atakosa cha kusikiliza, na wewe hutarudi.

Basi kwaheri, Maduhu. Fifi yangu nimeikata kwa kalamu. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja tu: maisha yangu yote, mtu akiniuliza, ya kumi na nne ni safi. Akiniuliza kwa nini, sitakuwa na la kumjibu.

Mdogo wako,
Kabula