Kinanda cha Baba Kimepata Pumzi

Chumba cha mbele, nyumbani kwa Mama,
Jumanne, 9 Septemba.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, kaa kitako, maana barua hii imeandikwa na fundi mkuu kuliko mafundi wote waliowahi kushika bisibisi. Sisemi mimi, inasema mikono yangu, nami naisikiliza tu. Siku ukitaka kuwataja mafundi wa dunia hii, anza na mdogo wako, kunywa maji kidogo, kisha wataje hao wengine kama bado una pumzi.

Sasa salamu, nisije nikaambiwa darasa la saba halikunifunza adabu. Hujambo Dada? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanapata akili au wanarefuka tu? Na huo mgongo uliokuwa ukiulalamikia kwenye simu umetulia, au bado unawainua wagonjwa wako kama magunia? Sisi huku wazima. Mama anakula, analala, ananigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi nimetimiza arobaini na sita na bado ni kijana, ila magoti hayajapata habari hiyo. Nimenunua miwani ya kusomea. Wifi yako anasema nafanana na hakimu, watoto wanasema nafanana na bundi. Nimechagua hakimu.

Haya, habari yenyewe. Unakikumbuka kinanda cha Baba, kile cha kukanyaga kwa miguu pale kanisani? Kile walichokifunika shuka tulipomzika Baba, mimi nikiwa darasa la nne na wewe ukianza kuvaa viatu vya kisigino kwa siri ukidhani hatusikii ko-ko-ko? Basi kimeamka! Dada, kimeamka, na aliyekiamsha ni mimi!

Ilikuwa hivi. Mchungaji wetu mpya, kijana mwenye haraka zake, alitaka nafasi ya kuweka spika. Akaniita na mkokoteni wangu nikamsaidie kukitoa, kikapasuliwe kuni. Nikavuta shuka, vumbi likatupiga chafya wote wawili. Halafu mguu wangu, wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukakanyaga pedali. Ndani kikahema. Dada, kilihema kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi mzito! Nikamwambia mchungaji kwamba kitu kinachohema hakipasuliwi kuni.

Akanitazama. "Fundi, wewe si unatengeneza cherehani? Hiki si cherehani."

"Mchungaji," nikamjibu, "kina pedali mbili, kina springi, na mafuta yamekauka. Kama si cherehani, basi ni binamu yake."

Akacheka, akanipa muda mpaka mvua ziishe. Huyo hajui nilichokuwa nawaza. Nilikuwa namuwaza Mama. Wewe uliondoka zamani, labda umesahau, lakini Mama hajaimba tangu mazishi yale. Kanisani haachi kwenda, benchi la pili, kitambaa kichwani, mdomo umefungwa kama kopo la maziwa. Hata akifua, haimbi. Hata wajukuu wakilia, anawapigapiga mgongo kimyakimya. Nikajiambia, kinanda kikiimba, Mama ataimba. Sikutaka kingine. Sifa nazo zilikuja zenyewe, nami si mtu wa kufukuza wageni.

Basi nikakifungua. Panya walikuwa wamejenga humo, tena kwa ukoo mzima. Mivukuto, yaani yale mapafu yake ya ngozi, imechanika. Ngozi nzuri siku hizi haipatikani, ila mimi nilijua ilipo. Hapa naomba umeze mate kwanza. Ule mkoba wako mweusi uliouacha juu ya kabati, ule wa "mtu asiuguse mpaka nirudi", nimeugusa. Nimeugusa kwa mkasi. Usinikasirikie, mkoba gani mwingine duniani unamsifu Mungu kila Jumapili?

Nilikaa siku nyingi chini ya kinanda kile, miwani puani, nikifuta vile vilimi vidogo vya shaba vinavyotoa sauti, kimoja kimoja, kwa mswaki wa mwanangu (alikuwa na mwingine). Na kule chini, Dada, mtu anawaza. Mimi na Mungu tulikuwa kama majirani wanaopungiana mikono kila mmoja akiwahi zake. Nilikuwa nikienda kanisani kwa sababu ya pilau ya harusi na kwa sababu Mama alikuwa akinihesabu. Lakini nimefika umri ambao nikizima taa nabaki nikizungumza na mtu, na si wifi yako, maana yeye anakuwa ameshaanza kukoroma. Sijui niite nini. Sala ninazozijua ni fupi. Ila nikiwa mle chini napuliza vumbi kwenye shaba na kusikia kasauti kakitoka, kembamba kama ka kifaranga, nywele zilinisimama. Nilisema "asante" kwa sauti. Mfagiaji wa kanisa akaitikia "karibu".

Na kumbukumbu nazo! Zilitoka kwenye kile kisanduku kama kunguni. Harufu ya mafuta ya nywele ya Baba. Wewe na Mama kwenye kwaya, sare za bluu, wewe ukiimba puani. Mimi nimekaa sakafuni karibu na pedali, nikitazama viatu vya Baba vikipanda na kushuka, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani.

Sasa kuna kile kibao cha katikati kilichokuwa bubu, kile ambacho wimbo wa kufunga ibada unakihitaji pale unapopanda juu kabisa. Bila shaka unakijua. Kanisa zima hunyamaza pale, kisha huendelea, kama watu wanaoruka dimbwi. Hata baada ya kinanda kufunikwa, waliendelea kuruka. Vijana wa leo wanaamini wimbo ulitungwa hivyo, wamewafundisha mpaka kwaya za jirani! Basi nilipofika kwenye kibao hicho nikakuta ulimi wake umepasuka. Fundi mwingine angeuacha. Mimi nikachukua kipande cha shaba cha bomba bovu, nikakisaga kwa tupa mpaka kikawa chembamba kama kucha ya mtoto mchanga, nikakipachika. Kikaimba! Kizuri kuliko wenzake wote! Nililiambia kanisa tupu kwamba mimi ni hatari.

Kupiga nilifundishwa na mwalimu wa kwaya, yule tunayemwita Tarumbeta. Alinifundisha wimbo mmoja tu, huo wa kufunga ibada. Napiga kwa vidole vinne. Vingine sita vinasubiri kupandishwa cheo.

Jumapili ikafika. Dada, ungeona! Kanisa limejaa mpaka dirishani, hata muuza mkaa amekuja na koti. Nikakaa. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nikakanyaga, mkoba wako ukajaa upepo, nikabonyeza, na sauti ile ikatoka, ile ile, nene, ya kutetemesha mbavu! Wazee wakasimama kabla hawajaambiwa. Nikamtupia Mama jicho la wizi. Dada, Mama akafungua mdomo. Mama akaimba! Sauti ina kutu pembeni lakini ni yenyewe, ya chini, tamu. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Tukafika pale juu. Watu wakaruka dimbwi lao kama kawaida, mimi nikabonyeza, na ulimi wangu mpya ukalia peke yake, mkali, kanisa zima kimya! Watoto wakaangua kicheko. Mchungaji akaficha uso kwenye kitabu. Tarumbeta akapaza sauti: "Ingieni hapo, jamani! Msiruke tena, fundi ameshaziba shimo!" Ubeti wa pili nusu wakaingia, nusu wakaruka, ikawa vurugu ya sokoni. Ubeti wa tatu wote wakaingia, kwa nguvu, kwa furaha, na paa la bati likaitikia. Muuza mkaa alilia machozi, yakamchora mistari usoni. Tulirudia wimbo mpaka miguu ikanifa ganzi.

Nje walinibeba. Kweli walinibeba, ingawa waliniangusha mara moja. Sasa naitwa Daktari wa Vinanda. Mchungaji anasema spika zitapata pengine pa kukaa. Jana mama mmoja kaniletea redio, mwingine kaniletea saa ya ukutani. Nimezipokea zote mbili. Daktari hachagui mgonjwa.

Nisalimie Shemeji, mwambie deni lake la kunifunga kwenye karata halijafutika, nitalipiza. Wabusu wapwa zangu wote, hata yule mkubwa anayejifanya hapendi. Wifi yako anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao na wanauliza kama ukija utaleta mkoba mwingine. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe mgongo wa chuma na usingizi wa mtoto.

Nilitaka kutia sahihi hapa. Nimeshaandika na jina, nikalifuta.

Mama aliimba mpaka pale juu tu. Ulimi wangu wa shaba ulipolia, alifunga mdomo, na hajaufungua kuimba tena. Sikukuandikia hayo juu kwa sababu nilitaka ufurahi kwanza. Jioni ile tulikuwa tunaosha vyombo, akaniambia, bila ukali, "Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Ila pale palikuwa pa baba yako."

Nikamuuliza pa baba vipi.

"Kibao kile kilipokufa, yeye akawa anapaimba kwa mdomo wake, peke yake. Sisi wote tulikuwa tunanyamaza kumpisha. Nami Jumapili zote hizi nilikuwa nikifika pale, namsikia."

Nikaweka sahani chini. Nikamwambia nitakitoa, kazi ya bisibisi moja, hata sasa hivi. Akasema, "Utawatoa na watu? Wameshajifunza kuingia. Waache, wamefurahi." Akanipa sahani nyingine. Halafu akaniuliza, "Kwani wewe hukumbuki? Si ulikuwa unakaa miguuni pake?"

Nikamwambia nakumbuka, Mama.

Nimemdanganya. Viatu nakumbuka, kamba ya katani nakumbuka, mpaka harufu. Sauti ya Baba siikumbuki, Dada. Hata kidogo.

Ni mimi akupendaye siku zote,
mdogo wako.