Volant nilishika mimi, tribunal anaitwa mulamu wangu

Mama Virginie wa redio yetu, nakusikiliza kila Jumatano nikiwa jikoni hapa Kampemba, Lubumbashi, na sikufikiri hata kidogo kwamba siku moja njo mimi nitakuandikia, lakini nimekosa muntu wa kuambia, hata padri nimeshindwa kumwambia, basi univumilie na mwandiko wangu, nilisoma tu mpaka darasa ya sita primaire, na jina langu nakuomba usilitaje.

Niko mama wa miaka makumi tano na mbili, Mukatolika, na mu Légion ya Maria bananiita présidente. Naendesha gari miaka kumi na mine sasa. Permis niko nayo, lakini niseme kweli yote, sikufanya examen hata moja, rafiki wa bwana wangu aliileta nyumbani ikiwa tayari na picha yangu juu, nikaipokea na nikamushukuru, na sheria za barabara sijawahi kuzisoma. Hapa kwetu sikupata shida, njia zangu nazijua, soko, parokia, Naviundu kwa dada yangu, kisha narudi.

Mwezi wa tano tulikuwa tunaenda ubatizo Kitwe, kule Zambia, mimi na mulamu wangu, dada mudogo wa bwana wangu, nimuite Joëlle. Joëlle aliishi Zambia miaka mingi, permis yake ni ya kule na examen aliifanyia kule kule, tena kuendesha njo kazi yake, anabebea kampuni moja vipuri vya mashine. Kwa hiyo kupita mupaka wa Kasumbalesa yeye njo alishika volant, akaendesha. Tulipofika Chingola kichwa kikaanza kumuuma, nikamuambia, "Leta, nimalizie."

Akacheka, yeye ananiita yaya kama dada mukubwa. "Yaya, huku banapitia kushoto."

"Utanifundisha gari yangu mwenyewe? Volant yake iko kuume, ilitengenezwa kwa barabara za hawa bantu. Huku njo kwao kabisa."

Kwa barabara iliyonyooka nilifuata gari ya mbele, nikaona ni rahisi, nikaanza hata kuimba, lakini kwa rond-point, pale magari yanazunguka, gari ya mbele ilikuwa imeshapotea, na mikono yangu ikazungusha kuume sawa vile tunafanya Lubumbashi, na pale pale baba mumoja wa baiskeli, na magunia mawili ya makala ya kupikia nyuma, akakutana na sisi uso kwa uso. Mugulu wake ulivunjika pahali pawili. Anaitwa Mwelwa.

Bantu bote balimukimbilia yeye, hakuna aliyetuangalia, na Joëlle akanishika mukono, "Yaya, shuka, hamia huku, polisi akikukuta na ile permis ya kwetu atakufunga, huku haina kazi, mi niko na ya kwao." Nikashuka. Mama Virginie, hakuna aliyenisukuma, nilizunguka gari na miguu yangu, nikakaa kwa kiti cha abiria, nikafunga na mukaba. Polisi alipouliza nani alikuwa anaendesha, Joëlle akainua mukono, na mimi nikainamia rozari yangu kama muntu anayesali.

Tulizani itaishia kwa amende, kulipa tu. Lakini mugulu wa yule baba ulipasuliwa mara ya pili, mambo yakapanda mpaka tribunal, mbele ya juge, Joëlle anaitwa Chingola tarehe 23 mwezi huu, na kampuni yake imemuambia kama banamunyanganya permis, kazi nayo imekwisha. Yeye ni mujane, watoto watatu iko analisha peke yake.

Bado sijafika kwa kile kinachonichoma. Bwana wangu Clément hajui ukweli huu. Siku ya Mungu iliyopita tulikula pamoja jamaa yote, akamuangalia mudogo wake, akasema, "Haya, mupishe chauffeur wa Zambia! Miaka yote ile kule, kumbe ulikuwa unasomea kuvunja bantu miguu?" Bote bakacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka na sauti, kisha nikamuongezea Joëlle bukari kwa sahani. Alisema tu, "Aksanti, yaya." Walipoondoka nilienda kukaa mu choo nikalia.

Nimeenda kuungama mara mbili tangu mwezi wa tano, nikaungama hasira, nikaungama kusengenya, ile sikuigusa. Bamama ba Légion banataka nitoe ushuhuda vile Mungu alituokoa kwa barabara. Joëlle mwenyewe hajaniomba kitu, aliniambia mara moja tu, "Yaya, tarehe inakaribia," nikamujibu, "Tuombe." Nimeanza novena ili juge amusamehe. Nauliza, Mama Virginie, novena ile pamoja na kumusaidia watoto wake kimya kimya haiwezi kutosha? Nikisema, bwana wangu ataniona namna gani, na parokia?

Mama wa Kampemba

Mama wa Kampemba, ni mimi Virginie, pole. Aibu unayoisikia isikuogopeshe, ni kitu kizima kilichobaki ndani yako. Lakini jibu langu ni hapana, haitoshi, na hata wewe ulijua haitoshi, njo maana uliniandikia.

Unamuomba Mungu amusamehe Joëlle kosa gani? Lile la kuendesha hakulifanya. Novena yako ina jina la muntu mwingine juu. Geuza nia yake leo, uombe nguvu ya mudomo wako.

Sasa nikuambie kitu kitakachokuuma. Permis ya Kongo siyo karatasi ya bure kule Zambia. Nchi hizi jirani zilikubaliana kutambuliana permis, mugeni wa siku chache anaendesha na ya kwao, ataombwa labda tafsiri ya Kiingereza ao permis international. Mwanasheria atakueleza vizuri kuliko mimi. Joëlle alikosea aliposema haina kazi, na wewe ulifurahi kumusadiki. Unajua maana ya makubaliano yale, mama? Zambia inasema: Kongo ikishuhudia kwamba huyu anajua kuendesha, hatutamupima tena, tunaamini. Bakakufungulia mupaka. Kumbe Kongo haikukupima hata siku moja. Baba Mwelwa hakujua hayo wakati alikuwa anasukuma baiskeli yake kwa upande wake wa haki.

Unaogopa bwana wako na parokia. Mbele ya bwana wako ulicheka, mama! Ule muzaha wote wa mezani ulikuwa wako, na uliuangalia ukianguka kwa mwingine. Nimekukaripia, sitarudia.

Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi nenda kwa Joëlle, si kwa simu, umuombe musamaha bila kutaja rozari wala kichwa kilichomuuma. Naye umuambie alidanganya polisi, hilo ni lake na atalijibu, kwa hiyo musiende mikono mitupu: mutafute avocat, mwanasheria anayefanya kazi kule Zambia, mumueleze yote, yeye njo ajue karatasi gani inatangulia. Siku ya Mungu hii uite bantu bale bale waliocheka, kwa meza ile ile, na umuambie Clément mbele yao. Atapiga kelele. Muache apige. Kwa Légion usitoe ushuhuda wowote, na ungama jina la kosa, si majirani wa kosa. Gari uiegeshe. Hutaishika tena mpaka ujifunze sheria za barabara na ufanye examen ya kweli, na miaka yako makumi tano na mbili, ukikaa na vijana kwa banc moja ya darasa.

Baba Mwelwa hujaenda kumuona. Avocat akikubali, nenda, umuambie wewe ni nani.

Tarehe 23 iko mbele siku kumi na mbili, zinatosha. Utapanda bus na Joëlle mpaka Chingola, mutakaa pamoja. Juge atauliza nani alikuwa anaendesha. Usimuangalie mulamu wako, usiangalie chini. Simama, useme: "Mimi."