Asilimia Tatu ya Unyevu

Jumapili, 9 Oktoba

Mbio kumi za farasi, nimepatia mshindi mara nne. Unyevu wa mchanga asilimia 1.4, mkavu kama unga. Farasi wepesi wote wamekwama kwenye tuta la pili, kama daftari langu la takwimu lilivyosema.

Bwana Hasumi, mwenzangu wa benchi uwanjani, amepatia tatu. Tatu! Kwa kutazama nywele! Kinyozi mstaafu ni kinyozi tu. Mnyama wa kilo elfu moja anaburuta mkokoteni wa chuma usio na magurudumu, anapandisha matuta mawili ya mchanga, na yeye anachokagua ni jinsi shungi lilivyosukwa! Eti mtunzaji akisuka vizuri, farasi huyo anapendwa. Anayependwa anakula, anayekula anavuta.

— Mwenye macho haambiwi tazama, Profesa.

Profesa ndilo jina alilonibandika kwa sababu ya daftari hili. Nikamwambia sijaona utepe wa shungi ukivuta chuma hata siku moja. Akacheka, akaniwekea kipande cha nyama ya nguruwe kutoka bakuli lake la wali. Nimekila. Nyama haina kosa.

Jumanne, 11 Oktoba

Leo nimefanya jambo la aibu.

Tangu Aprili nimekuwa nikiandika, pembeni kabisa mwa daftari, kwa herufi ndogo: shungi zuri, shungi baya. Nilitaka siku moja nimwonyeshe kwa namba kwamba anaota. Basi leo nimejumlisha. Mbio 212. Shungi baya hushinda mara tisa katika mia. Shungi zuri mara kumi na saba.

Nimerudia hesabu. Kumi na saba.

Simwambii ng'o! Akijua, mji huu wa Obihiro hautakalika.

Alhamisi, 13 Oktoba

Bwana Hasumi amekuja na mfuko wa viazi vikuu. Hakuketi mara moja, na kwa kawaida huketi kabla hajakaribishwa. Akasema binti yake huko Sapporo amemwandalia chumba. Atahamia kabla theluji haijaanguka. Isipokuwa.

— Isipokuwa nini?

— Isipokuwa kuna mtu hapa anayetaka nibaki. Nyumba moja, meza moja. Mimi na wewe, Bi. Takimoto.

Hakuniita Profesa. Nami nikafanya nini? Nikacheka! Mjane wa miaka sitini na nane, nacheka kama msichana wa shule. Kisha nikasema siwezi kuamua jambo bila takwimu. Mdomo huu!

Aliuweka mfuko mezani. Halafu akasema vizuri, basi, Jumapili, mbio za tano. Kila mmoja achague farasi wake. Wangu akitangulia, atafunga mizigo na hataligusa tena jambo hili. Wake akitangulia, nimtolee droo moja kabatini.

— Moja tu?

— Nina soksi chache.

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali. Miaka tisa tangu mume wangu afariki, nimeshazoea kula nikiwa nimesimama karibu na sinki. Viazi vikuu ni vingi mno kwa mtu mmoja.

Ijumaa, 14 Oktoba

Tumetajiana farasi kwa simu. Mimi: Ishigami, dume, kilo 1,090. Kwenye mchanga mkavu ameshinda mara tano katika nane. Yeye: Benizuru, jike, kilo 940, utepe mwekundu. Kwenye mchanga mkavu Benizuru hajawahi kushinda hata mara moja. Ni mwepesi, anahitaji mchanga uliolowa ili mkokoteni uteleze. Kuanzia asilimia tatu hivi.

Nilimuuliza kama ana uhakika. Nilimpa nafasi ya kubadili, Mungu ni shahidi wangu. Akasema Benizuru husukwa vizuri sana.

Mpumbavu! Hata kwa jambo kama hili!

Utabiri wa hewa: jua siku zote tatu. Uwezekano wa Ishigami kumtangulia Benizuru: sabini na nane katika mia. Ningepaswa kufurahi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mvua! Imeanza saa kumi alasiri, bila kutabiriwa na mtu.

Nimefungua dirisha kuisikiliza. Kwa ajili ya takwimu. Mwanangu Misaki akapiga simu, akauliza mbona sauti yangu ina raha hivyo. Nikasema kunanyesha.

— Mama, wewe si unachukia mvua?

Watoto wanaosikiliza sana wanachosha.

Jumapili, 16 Oktoba

Saa nne asubuhi. Jua kali, na upepo juu yake! Ubao wa uwanjani: 3.8.

Saa sita. 3.4. Bwana Hasumi amevaa koti la harusi ya binti yake. Tumezungumza kuhusu bei ya mafuta ya taa kama wageni wawili kituoni.

Saa nane. 3.1. Upepo, tulia basi!

Saa nane na nusu. 2.9.

Majedwali yangu ni mawili. Chini ya tatu ni mchanga mkavu: Ishigami. Tatu na kuendelea ni uliolowa: Benizuru, kwa tofauti ndogo tu. Nilishika penseli, nikaandika 3.

Miaka thelathini na minane nimepima maji kwenye viazisukari, maabara ya kiwanda cha sukari. Sijawahi kupandisha namba. Niliwahi kugombana na mkuu wangu siku mbili kwa ajili ya nukta moja! Na leo nimeipandisha 2.9 kuwa 3. Halafu kwa jedwali hilo la uongo nikahesabu, nikafurahia jibu.

Saa tisa na robo. Zimekwisha mbio za tano. Naandika nikiwa benchini, mwandiko mbovu.

Tulitembea kando ya uzio sambamba na farasi, kama watu wote. Tuta la kwanza walipanda pamoja. Chini ya tuta la pili wote wakasimama kuvuta pumzi, mvuke ukawatoka mgongoni. Benizuru akaanza wa kwanza. Akapiga magoti juu ya tuta! Akainuka. Ishigami nyuma yake, taratibu, bila haraka, kama namba zangu zote.

Goti la Bwana Hasumi likamgomea, akabaki nyuma. Mimi sikumngoja.

Hatua tano kabla ya mstari Benizuru anaongoza. Pua imevuka, kifua kimevuka, na wageni wawili wenye kamera wakaanza kukumbatiana. Maskini, hawajui kwamba kwetu hapa kinachohesabiwa ni mwisho wa mkokoteni. Benizuru akasimama. Mkokoteni nusu ndani, nusu nje! Ishigami anakuja, anakuja. Na hapo nikasikia mwanamke anapiga kelele, sauti imekauka, anagonga uzio kwa daftari:

— Vuta, Benizuru! Vuta, mama! Usiniache!

Ni mimi. Miaka sita uwanjani hapa sijawahi kupaza sauti.

Akavuta. Ishigami naye akavuka papo hapo, mikokoteni sambamba. Waamuzi wanakagua picha.

Bwana Hasumi amefika anahema, amesimama mbele yangu.

— Bi. Takimoto, ulikuwa unamwita nani?

— Ninakohoa.

— Umekohoa jina la farasi wangu.

Nimeinama, naandika. Nataka Benizuru awe amefika wa kwanza. Haya, nimeshaandika, kwa mkono wangu. Na kama picha itasema Ishigami? Ahadi ni ahadi, na yeye ni mtu wa kushika neno, atafunga mizigo kweli. Labda niseme kabla. Nisemeje?

Kengele ya tangazo hiyo. Watu wote wamegeukia ubao. Viatu vyake naviona, havijageuka. Nami bado naandika, maana nikiinua kichwa ataona uso wangu, na uso huu umeshampa droo, picha iseme lolote.