Ramani Iliyokutwika Ukame

Abti,

Amani iwe juu yako huko ulikotutangulia. Sisi tuliobaki tunapumua, alhamdulillahi. Mvua ilirudi Modogashe baada yako, na malori yakakwama kwenye matope pale njia panda kama zamani. Ungekuwepo ungesimama kando ukiwacheka madereva, kisha ungekuwa wa kwanza kusukuma.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Kisomali changu ni cha mdomo, nikishika kalamu kinanikimbia. Na Kiswahili nilikipata kwako kabla ya mwalimu yeyote, pale soko la mifugo la Garissa, ulipokuwa umenishika mkono huku ukimwambia mnunuzi kwa lafudhi yako ya Kisomali, "Bole bole, hii ng'ombe inasikia." Nilikuwa mdogo, nikaamini kweli ng'ombe wanaelewa Kiswahili. Nilikuita Abti kwa kuwa wewe ni kaka wa mama yangu, na wewe ukaniita Abti vilevile, kama ilivyo kwetu. Mama hakuwa na kaka mwingine. Tangu uondoke hakuna mtu anayeniita hivyo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu naona aibu. Ni habari ya ile karatasi.

Unaijua kazi yangu, ingawa kila ulipowaeleza watu ulisema nachora picha kwenye kompyuta. Ofisi yetu Nairobi ilitaka ramani ya dunia inayoonyesha kila nchi inatoa kiasi gani cha zile gesi zinazoipasha dunia joto. Mimi ndiye niliyeichora. Nchi zinazotoa nyingi sana nilizipaka nyekundu iliyokolea, za katikati njano, na zinazotoa kidogo nikazipaka kijani kilichokolea. Kenya ilikuwa ya kijani. Kwenye skrini ilipendeza mno. Nilisifiwa, nami nikazipokea sifa zote bila kubakiza.

Sikuuliza ingefika wapi. Ilitumwa Garissa, na huko zikahitajika nakala nyingi za kupeleka kwenye mabaraza. Nani angelipia rangi? Ikaenda duka la fotokopi, ikatoka nyeusi na nyeupe. Abti, nyekundu yangu na kijani changu kwenye ile mashine ni kitu kimoja. Vyote viwili vilitoka giza, na njano ikatoka karibu nyeupe. Ufunguo wa ramani, vile visanduku vya chini vinavyoeleza kila rangi ina maana gani, haukumsaidia mtu. Maandishi yake nilikuwa nimeyafanya madogo, tena ya Kiingereza, ili yasiharibu sura ya kazi yangu.

Hiyo ndiyo karatasi uliyopewa barazani. Afisa aliyekuja nayo hakuwa ameiona ile ya rangi. Akawaambieni kwamba penye giza ndipo gesi inayoleta ukame inapotoka kwa wingi, na Kenya ilikuwa giza. Akaongeza kwamba hata ng'ombe hutoa gesi, jambo ambalo ni kweli. Wewe ambaye kabla ya ukame ulikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule, ukaikunja karatasi yako ukaenda nayo nyumbani.

Kisha ukanipigia simu. Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mkutano, na mkutano wenyewe ulikuwa wa ramani hiyohiyo. Ukauliza kwa sauti ya chini, "Abti, kumbe ni sisi?" Nilielewa unauliza habari ya ukame. Ningeweza kukuuliza, sisi nani? Ningeweza kukuuliza umeona nini. Badala yake nikakupa maneno ya semina: "Eeh Abti, ni sisi sote, dunia nzima." Ukasema, "Haya, Mungu atusamehe." Nikasema amin, nikakata simu, nikaingia ndani kupigiwa makofi.

Sentensi hiyo ndiyo inayonila. Si ramani peke yake. Ramani ilikosea mara moja kwenye mashine, lakini mimi uliniuliza kwa mdomo wako.

Presha ilipokuangusha nilipata habari asubuhi, na nilipofika Modogashe ulikuwa umeshazikwa. Siku za matanga mkeo, Mama Saadia, aliniketisha kando akanihadithia kwa upole, akidhani ananifariji. Alisema umeondoka safi. Alisema tangu lile baraza ulikuwa ukienda nyumba kwa nyumba, kwa wale waliopoteza mifugo, kuwaomba msamaha. Wasomali uliwaambia kwa Kisomali, Waborana kwa Kiswahili chako cha soko: "Ng'ombe yangu ilikuwa mingi. Mimi ndio nilileta hii jua." Ukagawa na mbuzi waliokuwa wamebaki. Ramani yangu ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya jerikeni za maji, na Mama Saadia alisema uliiweka pale ili usisahau.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikumwambia kitu. Niliinywa ile chai, Abti, nikamwacha akusifu kwa toba ya kosa ambalo hukulitenda. Nikarudi Nairobi nikiwa nimenyamaza hivyohivyo.

Nilichokuja kukumbuka njiani ni ramani zako wewe. Dereva akikuuliza njia ya kwenda kisimani, ulikuwa unachora mchangani kwa fimbo. Kiatu chako kilikuwa kisima, tasbihi yako ilikuwa ile lami. Halafu ulifuta kila kitu kwa mguu na kumkabidhi fimbo: "Haya, sasa wewe nionyeshe." Asipoweza, haondoki, hata akilalamika kwamba amechelewa. Nilikuwa naona unawasumbua watu tu. Mimi nimechora ramani za dunia nzima na sijawahi kumpa mtu fimbo.

Basi nimeichora upya. Ofisini walisema ile ya kwanza ilikuwa na mvuto zaidi, na ni kweli, hii imekaa kama nguo iliyofuliwa sana. Ina rangi moja tu, inaanza mpauko na kuzidi kukolea kadiri gesi inavyozidi, ili hata mashine ikinyang'anya rangi, giza libaki kuwa giza la haki. Nchi ambazo hesabu zake hazijulikani nimeziwekea mistari, zisidhaniwe hazitoi kitu. Maandishi ni makubwa, kwa Kiswahili na Kisomali. Kisomali nilisaidiwa, usijidanganye kwamba nimejua kuandika ghafla.

Kisha nikaenda Garissa, kwenye lile duka la fotokopi. Mashine yao inapiga michirizi, na karatasi hutoka ya moto na imejikunja. Mwenye duka alichoka nami. Nilikuwa naingia na karatasi, naitazama ikitoka, natoka nje kurekebisha kwenye kompyuta, narudi. Mwishowe akaniuliza kama nina kesi mahakamani. Nikamwambia ni karibu hivyo.

Nilianza na Mama Saadia. Nilimweleza yote, ramani, simu, na ile chai. Hakunigombeza. Aliinuka akaibandua ile ya zamani ukutani, akaikunja vizuri, akanipa mkononi. Afadhali angenigombeza.

Halafu nikaenda nyumba kwa nyumba, zilezile ulizopita wewe. Wengine walinisikiliza kwa adabu tu. Mzee mmoja alisema alikusamehe siku ileile na akasahau, kwa nini namkumbusha. Aliyenishika ni Bibi Qabale, yule Mborana jirani yako wa ng'ambo ya barabara, ambaye ng'ombe wake waliisha kabla ya wako. Nilimpa ramani nikamwambia, sasa nionyeshe. Hajui kusoma. Alipitisha kidole polepole, akakisimamisha penye giza, mbali kabisa na kwetu, akasema gesi inatoka huku. Nikamwonyesha Kenya. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Hapa ndio sisi? Hii si iko nyeupe tu."

Nikamwambia ndiyo, na lile giza aliloliona kwenye ramani yako lilikuwa kosa langu.

Aliishusha karatasi magotini. Halafu akasema, "Sasa ile samahani tulimpea mzee, alibeba bure. Yeye hakuwa na haja nayo. Wewe ndio chukua." Alipoona nalia akaongeza, "Lakini mbuzi yake sirudishi." Nikacheka na machozi yakiwa bado yanatoka, na nikajua wewe pia ungecheka.

Nimeuchukua, Abti, lakini haunikai vizuri. Msamaha huo ulipimwa kwa mwili wako. Ninaoutaka ni wako wewe, na wewe umelala. Naomba tu kwamba huko uliko ulishaambiwa ukweli kabla sijafika mimi na karatasi zangu. Inanitesa kufikiri kwamba usiku wa siku zile ulisujudu ukilia kwa ajili ya mvua ambayo hukuizuia.

Kaburi lako lina nyasi sasa. Mbuzi mmoja alikuwa anakula majani pembeni yake na sikumfukuza, nikadhani huenda ni wako. Nakuaga hapa, kaka wa mama yangu, Mungu aipanue nafasi yako. Nakuahidi hakuna ramani itakayotoka mkononi mwangu kabla haijapita kwenye ile mashine mbovu ya Garissa, na kabla sijampa mtu fimbo nikamwambia anionyeshe. Na mtu yeyote wa kwetu akinipigia kuniuliza, mkutano utangoja.

Kuhusu lile swali lako, nilijibu vibaya, kwa hiyo nalijibu tena. Ng'ombe wako walitoa gesi kidogo, sitakudanganya hata sasa. Ni kidogo mno mbele ya viwanda na magari na ndege za walio penye giza la kweli. Ulifuga alivyofuga baba yako, ukawazika ng'ombe wako kwa ukame ulioletwa na wengine, kisha mimi nikakupa lawama yao uibebe.

Uliuliza, "Abti, kumbe ni sisi?"

Hapana, Abti. Si wewe.

Hodan