Dawa ya Mke wa Makau

Maggie, nimejifungia kwa choo ya ploti. Usipige simu, andika tu.

Leo nimeenda kwa ule mama Mchina wa dawa za miti hapa Kawangware, juu ya hii endometriosis, huu ugonjwa wa kizazi. Hajui Kiswahili. Makau akanipatia binamu yake Musembi atutafsirie, si alijifunza Kichina kwa kazi ya barabara ya Wachina.

Mama akanishika mkono asikie damu ikipiga, akaangalia ulimi. Halafu Musembi akaniambia, "Anauliza kama umewahi kutoa mimba."

Maggie, ni miaka sita ya uchungu. Nilitaka tu kupona. Nikasema ndio, moja, kabla nijuane na Makau.

Musembi akaniangalia, mama anangoja na kalamu.

Akamwambia kitu kifupi. Nikamuuliza, umesema nini?

"Nimemwambia hapana. Mke wa Makau hajawahi."

Hajawahi. Mama akaandika dawa.

Sasa inachemka kwa jiko, ploti yote inanuka mizizi. Kwa mwanya wa mlango naona Makau mwenyewe ndio anapepea makaa. Musembi amekaa kando yake, wanaongea chini chini, siwasikii.

Makau ananiita nikunywe ikiwa moto. Na hiyo dawa iliandikiwa yule mke ambaye hajawahi, si mimi.